Bendera Isiyo na Kamba

Nyumbani kwetu nchi ilikuwa inalala mezani, na mimi nilikuwa nimekaa upande wa kichwani kwake.

Nazungumzia bendera. Mama ndiye anayeishonea serikali, kama alivyoishonea bibi kabla yake, na chumba chetu cha mbele ndicho karakana: meza moja ndefu, cherehani mbili zinazotazamana, kabati la vitambaa, na vipande vya uzi kila mahali hadi kwenye chai. Mama hukaa upande wa kijani. Yeye huiona bendera kama mnavyoiona nyie: nyekundu juu, utepe mwembamba mweupe, kijani chini, na ndege wa manjano amesimama katikati kwa heshima zake zote. Mimi tangu nijue kushika mkasi nimekaa ng'ambo, upande wa nyekundu. Kwangu kijani ndiyo iko juu, na ndege wa taifa maisha yake yote ananing'inia kama popo. Siku ya kwanza shuleni walipoipandisha mlingotini nilimnong'oneza jirani yangu kwamba wameikosea. Mwalimu wa zamu alinipigisha magoti mpaka wimbo ulipokwisha, na nikautazama ule mlingoti kwa hasira ya mtaalamu.

Kazi ilikuwa imegawanyika. Mama anaunga mistari, mimi nakata ndege na kumshona, na pindo, linaloshonwa kwa mkono, lilikuwa la kaka. Kaka tulimwita Mashoto, kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, kuanzia kula hadi kuzaba makofi. Yeye aliniita Redio. Alisema nina stesheni moja tu na haizimiki. Hata alipoingia jeshini, akija likizo alikuwa anavua buti, anavuta kiti chake, anaendelea na pindo pale alipoliachia. Tulimuuliza vita vikoje. Alisema amepangiwa stoo ya vyakula, na adui ni panya, na mpaka sasa panya wanaongoza.

Historia ya bendera yenyewe inafundishwa shuleni vizuri sana, ila si ya kweli. Wanasema wazee wa kamati walikaa, wakatafakari, wakachagua nyekundu ya damu, nyeupe ya amani na kijani ya ardhi. Kwetu tunajua kwamba kamati ilichora rangi mbili na ndege, basi. Bibi alikuwa fundi wa magauni, wakamletea mchoro sherehe zikiwa zimekaribia. Akashona, kisha akaifua, maana hakuwahi kumkabidhi mteja nguo bila kuifua. Ile nyekundu ikachuja. Mpakani, ilipokutana na kijani, pakawa na rangi ya tope, na kitambaa kingine hakikuwepo mjini kote. Bibi akachukua utepe mweupe uliobaki kwenye gauni la harusi la mtu, akaushona juu ya tope. Bwana wa kamati alipokuja akaitazama, akauliza nyeupe ni ya nini. Bibi akamwambia ni ya amani. Na kweli alitaka amani, alitaka yule bwana aondoke akalale.

Kwenye mtihani wa kidato cha pili niliulizwa nyeupe inawakilisha nini. Niliandika kwamba inafunika doa. Nilipata sifuri na alama ya kuuliza. Mashoto alicheka mpaka akatokwa na machozi, akasema katika taifa zima ni mimi pekee, mjukuu wa aliyeishona, niliyefeli bendera.

Sasa, bendera ziko za aina nyingi. Kuna za majengo, kuna vijibendera vya magari ya wakubwa, na kuna ya jeneza. Ya jeneza ni kubwa kuliko mlango, ina ndege mmoja tu wa upande wa juu, na haina kamba wala tundu la kamba, kwa kuwa haipepei popote. Nayo ina mwiko wake tangu enzi za bibi: haishonwi kwa ajili ya mtu anayejulikana. Inashonwa wakati hakuna msiba, inakunjwa, inakaa rafu ya juu ya kabati inasubiri. Ikichukuliwa, inashonwa nyingine upesi, ili msiba ukija uikute tayari. Bibi alikuwa anasema ukiishona huku unamjua atakayelala chini yake, huko si kushona, ni kumpimia. Mimi nilikuwa nasema ni ushirikina wa mafundi. Nilimuuliza Mama, kwani anayechonga majeneza akikujua basi asikuchongee? Mama akaniambia nifunge mdomo nifungue kitambaa.

Aliyekuwa anakuja kuzichukua, stoo ya jeshi ikipungukiwa, ni sajini mmoja, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye kazi yake ni maziko ya jeshi na ya serikali. Kwetu alikuwa Afande tu. Tulimzoea kama mtu anavyomzoea msoma mita. Kwa hiyo asubuhi ile aliposimama mlangoni na mvua ikimchuruzika mabegani, hakuna aliyeshtuka. Mama hata hakuinua macho kwenye cherehani.

"Karibu, Afande," alisema. "Leo nani tena?"

Afande akavua kofia. Akaishika kwa mikono miwili mbele yake, na cherehani ya Mama ikaendelea kidogo peke yake kisha ikasimama.

Lori la jeshi lilikuwa limeteleza darajani likaingia mtoni. Limebeba mchele na maharage. Wengine walitoka. Mashoto hakutoka.

Mimi sikulia. Mnajua mtu akiulalia mkono wake usiku kucha, asubuhi anaamka anaushika na mkono mwingine na kuuona kama wa jirani? Ilikuwa hivyo, ila mwili mzima. Nilikuwa namkata ndege, na mkasi ulikuwa umefika shingoni. Nikamalizia shingo, nikakata mgongo, nikakata mkia. Afande alikuwa anaeleza mambo ya utaratibu, kwamba amefia kazini hivyo atazikwa kwa heshima zote, kwamba maziko ni keshokutwa, kwamba bendera ataipitia kesho alasiri. Nilimwambia asijali, kwetu wateja wa nyumbani wanapewa kipaumbele. Sijui ni nani aliyeyasema hayo, lakini yalitoka kinywani mwangu. Afande alinitazama kidogo, akavaa kofia yake.

Jioni nyumba ilijaa. Mjomba alisimamia viti na maturubai, shangazi wakasimamia kulia. Mimi nilipita na sinia la vikombe na kila aliyenikumbatia alisubiri kitu kutoka kwangu, kisha akaniachia, kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba tupu.

Kesho yake asubuhi Mama aliingia karakana kuitoa ile ya rafuni aipige pasi. Aliitandaza mezani. Mkono wake ukaenda kwenye pindo na kubaki pale.

"Njoo uone," akasema.

Sikuhitaji kuambiwa. Mishono yetu sisi wote inalala upande mmoja. Ya Mashoto inalala upande wa pili, kama nyasi zilizokanyagwa na mtu anayerudi. Na haikuwa pindo tu. Likizo yake ya mwisho Mama alikuwa anaumwa mgongo, na bendera hii Mashoto aliishona yote kwa mkono, mistari na pindo, hata ndege, huku akiniimbia kwamba sasa ameninyang'anya kazi na niende nikasomee udaktari. Tulikuwa tumeisahau. Iko rafuni, imekunjwa, ni ya mtu yeyote.

Mama alikuwa anajua kama ninavyojua mimi kinachofuata. Bendera ya jeneza haizikwi. Kabla mwili haujashushwa, askari wanaiinua, wanaikunja, inaingia kwenye gari, inakwenda stoo ya kikosi, na kesho inamfunika mwingine. Tuliyafahamu hayo miaka yote na hayakutuhusu.

"Hii haiendi," Mama akasema. Hakupaza sauti. "Kila kitu wachukue. Hii inabaki."

Nikasema basi nitashona nyingine. Akanikumbusha kwamba haishonwi kwa anayejulikana. Nikamkumbusha kwamba mimi siamini, jambo ambalo amelilalamikia tangu nizaliwe, basi leo angalau lina faida. Hakubisha wala hakukubali. Aliikunja ya Mashoto, akaibana kwapani, akatoka, akafunga mlango. Alisema tu nisimwonyeshe nikimaliza.

Nikakaa kwenye kiti chake, kwa kuwa cherehani kubwa inayopitisha vitambaa vizito ni ile ya upande wake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa pale kufanya kazi nzima. Nikaunga nyekundu, nyeupe, kijani. Huko nje watu walikuwa wanaimba taratibu na mjomba anagombana na mtu kwenye simu kuhusu viti. Nilikuwa nasubiri nihisi kitu. Niliwaza kabisa, sasa hivi ninashona cha kumfunika kaka yangu, na wazo likapita kama gari la mtu mwingine barabarani. Nikapiga pindo. Mwisho nikamweka ndege, nikambana kwa pini, nikamshona bila hata kumtazama. Mikono yangu inamjua. Miaka yote inajua jambo moja: kichwa cha ndege kinaelekea tumboni kwangu.

Nikaipiga pasi, nikaikunja. Kwa kawaida hakuna kinachotoka karakana bila Mama kukizunguka akiwa amevaa miwani yake. Siku ile hakuingia. Afande alipopita alasiri nilimkabidhi, akanipa mkono, akaondoka nayo.

Siku ya maziko jeneza liliwekwa uani, juu ya mabenchi mawili. Askari sita waliishika bendera pembe na pembeni, wakaitandaza, wakapiga saluti, wakarudi nyuma. Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta. Niliitazama na niliiona nzuri. Naapa, niliiona sawasawa kabisa, kama nilivyoiona siku zote.

Afande alikuja polepole, akanigusa kiwiko, akanivuta hadi chumbani ambako Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na shangazi zangu.

"Binti," akasema kwa ile sauti yake ndogo, "ndege wako yuko kichwa chini."

Nikasema, "Labda na yeye amefiwa."

Hakucheka. Akaniambia amejaribu kufikiri. Akiigeuza bendera, ndege atakaa sawa lakini kijani itakuwa juu. Mkuu wa kikosi yuko njiani na waandishi wa habari. Bendera ya namna ile sheria hairuhusu hata ianikwe kwenye kamba ya nguo, sembuse imfunike askari. Stoo yao iko mbali, haiwezi kufikiwa na kurudi. Kisha akanitazama machoni.

"Rafu yenu haijawahi kukaa tupu tangu niijue," akasema. "Ile nyingine iko wapi?"

Nilitaka kumwambia hakuna. Uongo mimi ni fani yangu, nimewadanganya walimu wakuu. Nikafungua mdomo, na Redio, kwa mara ya kwanza, ikakosa stesheni.

Mama aliinuka kutoka mkekani. Shangazi mmoja alitaka kumshika, Mama akauondoa mkono wake. Akaingia chumbani kwake, tukasikia sanduku likifunguliwa, akarudi nayo ameikumbatia. Hakunitazama mimi. Alimtazama Afande.

"Hii haina kosa," akasema, akampa.

Nilisubiri anigombeze. Nilisubiri siku ile, na juma lile, na mwezi ule. Angenigombeza ningejua pa kusimama. Aliniuliza tu kama nimekula.

Kwa hiyo Mashoto alikwenda kaburini chini ya bendera aliyoishona mwenyewe, na mkuu wa kikosi akasoma hotuba nzuri ambayo haikutaja panya. Kabla hawajamshusha, askari waliiinua na kuikunja kijeshi, pembe juu ya pembe, mpaka ikawa ndogo. Mama alimfuata Afande mpaka kwenye gari. Mimi nikafuata nyuma.

Alimwomba aiache. Alisema atashona nyingine badala yake, hata tatu, kesho hiyohiyo. Afande alisimama na mzigo ule mikononi na nilimwona anateseka, lakini ni aina ya mtu ambaye akivaa sare hata mateso yake yananyooka. Alisema bendera ikishafunika jeneza haibadilishwi. Ni ya serikali mpaka ichakae.

"Hata mimi, mama," akasema, "siku yangu ikifika nitaazimwa tu."

Mama aliweka kiganja juu ya bendera, kama unavyopima homa ya mtoto. Kisha akakiondoa, na gari likaenda.

Ile yangu ilirudishwa. Kisheria bendera iliyokosewa inachomwa, na fundi ndiye anayechoma. Niliichoma kwenye pipa nyuma ya nyumba. Vitambaa vya siku hizi havina pamba, inanuka plastiki. Jirani alichungulia ukutani akauliza kama tunachoma matairi. Nikamwambia ndiyo, tuna gari la siri.

Tukarudi kazini. Mama upande wa kijani, mimi upande wa nyekundu, kiti cha tatu kikawekewa marobota ya vitambaa kisionekane kiti. Nikawa napiga pindo pia. Nilikuwa naongea kama kawaida, nikiwachekesha wateja, na usiku nalala vizuri kabisa, jambo lililonitisha zaidi kuliko kama ningekosa usingizi.

Ndipo Mama akaanza mambo ya runinga. Ikionyesha maziko ya mkubwa yeyote, anaacha kijiko, anasogea mpaka pua inakaribia kioo. Runinga yetu ni ya zamani, ukiisogelea unaona vidoti tu. Anatazama vidoti, kisha anarudi kwenye chakula. "Siyo," anasema. Au anasema, "Sikuona." Baadaye runinga haikutosha. Akisikia kuna maziko ya heshima mjini, anavaa gauni lake jeusi, ananiambia tuongozane. Tumewazika balozi, kanali mstaafu na mchezaji wa mpira wa zamani. Hatukuwafahamu hata kidogo. Tunapenya mpaka mstari wa mbele, Mama anatazama pindo, ananigusa, tunaondoka kabla ya hotuba. Kwenye maziko ya yule mchezaji, dada mmoja mwenye kitambaa cha kamati alituuliza sisi ni akina nani wa marehemu. Nikamwambia tumekuja kwa ajili ya bendera. Machozi yakamlengalenga, akasema nchi hii ingekuwa na watu kama sisi ingefika mbali, akatutafutia viti.

Tuliipata kwenye maziko ya jaji.

Lilikuwa jeneza kubwa, la mbao zinazong'aa, uwanja umejaa watu waliovaa miwani ya jua. Mama alisimama mbele na sikuhitaji kumuuliza, kwa sababu hakunigusa. Hakuondoka. Nikatazama mimi mwenyewe. Mishono imelala upande ule mwingine, mistari yote, ukingo wote. Chini yake yuko mzee nisiyemjua ambaye watoto wake walikuwa wanalia pale pembeni. Nilijaribu kumchukia huyo mzee nikashindwa, nikajaribu kumlilia nikashindwa pia. Nilikuwa naona mishono tu.

Kisha nikaona kwamba pembeni, upande wa miguuni, pindo lilikuwa limefumuka kama urefu wa kidole. Mashoto hakuwahi kujua kufunga uzi mwishoni. Mama alikuwa anamkaripia kila siku: unashona vizuri halafu unaondoka kama mtu anayekimbia mvua.

Maziko yalipokwisha Mama alikwenda moja kwa moja kwa Afande, aliyekuwa anaipokea bendera kutoka kwa askari wake. Hawakuwa wameonana tangu siku ile.

"Afande, bendera yako imefumuka," Mama akasema. "Inaaibisha. Ilete niishone."

Afande aliifungua pembe moja, akaliona pindo. Kisha akamtazama Mama kwa muda, halafu mimi, na mimi nikajikuta natazama viatu vyangu. Utaratibu anaujua kuliko sisi: iliyofumuka haifuniki mtu, na matengenezo yote yanafanywa na fundi wa serikali. Fundi wa serikali alikuwa amesimama mbele yake na gauni jeusi.

"Pindo tu?" akauliza.

"Nikiikagua nitajua," Mama akasema.

Kesho yake askari aliileta kwenye mfuko. Ili stoo yao isipungukiwe, tulishona mbili mpya upesi, Mama akazikagua, na ndege wote wako kichwa juu, maana sasa ananisimamia kama mtihani. Zikachukuliwa. Ile ya Mashoto ikabaki mezani kwa matengenezo.

Juma lililofuata Afande alipiga simu kuuliza. Nilimwambia cherehani imeharibika. Mwezi ukaisha akapiga tena. Nikamwambia cherehani imepona, tatizo sasa ni uzi, rangi yake haipatikani.

"Uzi mwekundu," akasema. "Umekosekana nchi nzima?"

"Nchi nzima, Afande. Sisi wenyewe tumeshangaa."

Nilisikia karatasi zinapanguliwa upande wake, na mtu akimpigia saluti.

"Basi," akasema. "Ukipatikana mtanijulisha."

Nikakata simu. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, bendera imemfunika kuanzia kiunoni mpaka sakafuni, anapitisha kidole kwenye mishono, taratibu, kurudi nyuma, kufuata ulikolala mkono wa Mashoto. Aliuliza ni nani aliyekuwa anapiga.

Nikamwambia ni Afande, anasema tusifanye haraka.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniambia nibandike maji ya chai, na nitoe vipande vya uzi kwenye vikombe kwanza.